Kisu kinapata siku mbili tu: je, gazeti na mshipi vinasaidia?

Swali: Habari fundi. Ninauza mboga Umoja, hapa Nairobi, na wateja wengi hutaka niwakatie sukuma wiki. Kisu changu hunolewa na fundi anayepita mtaani na gurudumu la kunolea linalozungushwa kwa baiskeli. Siku ya kwanza kinakata kama wembe, siku ya tatu kimekufa. Kijana wangu amenionyesha video ya mtu anayenoa kwa gazeti. Jirani anasema jinzi na mshipi wa ngozi ndio bora, na mwingine husugua kisu chini ya kikombe. Nilijaribu gazeti, kikarudi kidogo, kesho yake kikalala tena. Haya mambo ni ya kweli? Na kisu changu kingine, cha nyanya, kinateleza juu ya ganda. Nacho nikifanyie vivyo hivyo?

Jibu: Habari nzuri, dada. Ugonjwa wa kisu chako umeutaja mwenyewe pale uliposema kinakata kama wembe siku ya kwanza na siku ya tatu kimekufa. Makali ya kweli hayafi hivyo. Kisu cha sukuma, tena unachokatia mkononi bila kugonga ubao, huchoka polepole, wiki baada ya wiki. Kikifa ghafla, ujue kilichokuwa kikikata siku ile ya kwanza kilikuwa unyuzi.

Ngoja nieleze unyuzi ni nini, maana ukiuelewa huo, maswali yako yote manne yatajijibu.

Jiwe linapokula upande mmoja wa kisu, chuma cha pale mwisho kabisa huwa chembamba mno. Badala ya kukatika na kuanguka, husukumwa upande wa pili na kubaki kimening'inia. Umewahi kupitisha kidole kwenye ukingo wa bati lililokatwa kwa mkasi? Ule mdomo unaokwaruza ngozi ndio huo huo, ila wa kisu ni mdogo kiasi kwamba jicho haliuoni vizuri. Mafundi wa sufuria kule Kamukunji huukunja mdomo wa bati kwa nyundo usije ukamkata mpishi. Kwenye kisu hauna pa kukunjwa, inabidi utoke. Mimi huuita unyuzi kwa sababu ukitoka mara moja huonekana juu ya jiwe kama uzi mwembamba wa chuma.

Unyuzi uliosimama wima hukata ajabu. Unaweza hata kunyoa nywele za mkono nao. Lakini ni dhaifu, na bua gumu la kwanza la sukuma huulaza ubavuni. Ukipitisha kisu kwenye gazeti, husimama tena, nawe unasema kisu kimerudi. Kesho unalala, safari hii ukiwa umechoka zaidi, kama waya uliokunjwa na kunyooshwa mara nyingi. Ndiyo maana gazeti lilikufaa siku moja tu. Gazeti halikukudanganya, ulilipa kazi isiyo yake.

Hakikisha kwanza kama ninachosema ndicho kilichoko mkononi mwako. Shika kisu, weka ncha ya kidole kwenye ubapa, kisha kivute kidole kutoka mgongoni kuelekea makali hadi kitoke nje, hewani. Usikipitishe kamwe kwa urefu wa makali. Fanya hivyo upande huu, kisha ule. Upande mmoja ukiteleza na mwingine ukishikashika kidole kama ukucha uliovunjika, huo ndio unyuzi, na umelala upande ule unaoshika. Kama kidole hakikuambii kitu, tumia kipande cha pamba: ukikipangusa kwa mwendo huo huo, nyuzi zake zitanasa. Kisha elekeza makali juu, chini ya taa, na uyatazame moja kwa moja. Makali mazuri hayaonekani, kwa sababu hayana upana wa kurudisha mwanga. Popote unapoona kistari au nukta inayong'aa, pale kisu ama kimepinda ama kimekuwa butu.

Kupinda na kuwa butu ni mambo mawili tofauti, na tiba zake ni tofauti. Kisu kilichopinda kinanyooshwa. Kisu butu kimepoteza chuma chake cha mwisho, kimekuwa na kichwa cha mviringo kama ukingo wa sahani, na hakuna gazeti, jinzi wala mshipi utakaokirudisha. Hicho kinahitaji kitu kinachokula chuma: jiwe, msasa, tupa. Watu wengi wanaoniambia gazeti ni uongo walijaribu kwa kisu butu.

Sasa kazi yenyewe. Kunoa ni kula chuma mpaka pande mbili za kisu zikutane. Kung'arisha, yaani kupitisha kisu kwenye ngozi, kitambaa au karatasi, ni kazi ya mwisho: kunatoa mabaki ya unyuzi, kunanyoosha kilichopinda kidogo, na kunalainisha mikwaruzo iliyoachwa na jiwe. Uone tofauti ya vipimo. Msasa wenye nambari P1000 una chembe za takriban mikroni 18, na P2000 takriban 10. Mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa kichwani una kama 70. Ile nta ya kijani ambayo mafundi wa vyuma hung'arishia ina chembe za karibu nusu mikroni. Na gazeti tupu linakula kidogo kuliko hata hiyo nta. Kulitaka litoe makali kutoka kwenye kisu butu ni kama kuchonga mlango kwa kitambaa cha kupangusia vumbi.

Lakini kazi hiyo ndogo ina thamani kubwa. Vinyozi wa zamani waliijua kuliko sisi. Kabla ya wembe wa kubadilisha, ambao kampuni ya Gillette ilianza kuuza Marekani mwaka 1903, kinyozi alikuwa na wembe mmoja wa kukunja na mkanda wa ngozi ukutani. Jiwe alilitumia mara chache, lakini ngozi aliitumia kabla ya kila ndevu. Alijua kwamba makali yanayogusa nywele hupinda muda mrefu kabla ya kuwa butu. Kisu chako cha jikoni ni kinene zaidi, lakini chuma chake ni laini zaidi, kwa hiyo nacho kinapinda. Tabia ya kinyozi ndiyo ninayotaka uichukue: jiwe mara chache, ngozi au karatasi kila mara.

Nianze na gazeti, kwa kuwa unalo, na mimi nalitumia mpaka leo. Taifa Leo ya jana inatosha kabisa. Watu husema kinachonoa ni wino. Kazi kubwa inafanywa na karatasi yenyewe: nyuzi zake kavu, na unga wa madini unaochanganywa humo viwandani. Kosa la wengi ni kulikunja gazeti likawa nene na laini kama mto. Kisu kikiwekwa juu ya mto kinazama, karatasi inapanda na kuyazunguka makali, na kila unapovuta unayafanya mviringo. Chukua kurasa sita hadi nane tu, zilaze juu ya ubao ulionyooka, zibane kwa vibanio vya nguo. Chini ya ubao weka kitambaa chenye majimaji ili usiteleze.

Kisha mwendo. Mgongo wa kisu unatangulia, makali yanafuata nyuma. Ukisukuma makali mbele utapasua karatasi, na siku moja utapasua kidole. Laza kisu kabisa, kisha inua mgongo pole pole huku ukivuta, mpaka usikie karatasi imeanza kushika. Rudi chini nywele moja. Hapo ndipo pako. Kisu cha kawaida hunolewa kwa pembe ya nyuzi 15 hadi 20 kila upande. Kama ubapa wako una upana wa sentimita 4, mgongo utakuwa juu ya karatasi kati ya sentimita 1 na 1.4. Usipokuwa na uhakika, ichukue ile kalamu nene unayoandikia bei kwenye kadibodi, paka wino kwenye makali, vuta mara tatu, utazame. Wino ukiondoka pale mwisho kabisa, umelenga. Ukiondoka juu zaidi, mgongo uko chini mno.

Uzito wa mkono ndio unaoharibu kazi ya watu wengi. Mizani unayo. Iwekee nyanya mbili kubwa, tazama mshale ulipofika, zitoe, kisha bonyeza kwa kisu kilicholazwa ubapa mpaka mshale ufike pale pale, kisha ukumbuke mkono wako ulivyojisikia. Hautakiwi kuzidi hapo, na ukikaribia mwisho wa kazi punguza mpaka kisu kiende kwa uzito wake. Vuta mara kumi upande mmoja, kumi upande wa pili, kisha badilisha upande kila mvuto kwa mara kumi nyingine. Ukifika mwisho wa mvuto, simamisha kisu kwanza ndipo ukiinue. Anayekipindua kikiwa bado kinatembea huyakunja makali dakika ile ile aliyokuwa akiyanyoosha. Kosa hilo nililifanya miezi mingi nilipokuwa kijana wa bucha pale soko la Burma, nikilaumu chuma.

Mshipi wa ngozi ni mzuri kuliko gazeti, kwa masharti mawili. Sharti la kwanza, uwe ngozi. Mishipi mingi inayouzwa ni plastiki iliyogandishwa juu ya kitambaa, na plastiki haifanyi lolote ila kuteleza. Tazama pale mshipi ulipokatwa au kwenye matundu yake. Ngozi halisi inaonyesha nyuzinyuzi zilizoshikana kutoka juu mpaka chini, na upande wa ndani una manyoya mafupi. Ya bandia inaonyesha tabaka, kama mkate uliopakwa siagi. Gikomba utapata mishipi ya mtumba ya ngozi kweli ukiwa na subira ya kuchagua. Lakini njia fupi zaidi ni fundi wa viatu wa mtaani kwako: muombe kipande kilichobaki, urefu wa kama sentimita 25. Kariokor nako, kwa wanaoshona viatu na viatu vya wazi vya ngozi, mabaki hayakosekani. Fundi wa viatu mwenyewe, ukimtazama kwa makini, utaona kisu chake hukipitisha kwenye ngozi kila baada ya muda. Hakuna aliyemfundisha kwa video.

Sharti la pili, usiuning'inize mlangoni ukauvuta kama kwenye filamu. Mshipi uliolegea unajikunja kuyafuata makali, na makali yanakuwa mviringo. Kinyozi stadi aliweza kwa sababu aliuvuta ukakaza kama ngoma na wembe wake aliulaza kabisa. Wewe ugundishe kwa gundi ya viatu juu ya kipande cha mbao kilichonyooka, upande wenye manyoya ukiwa juu kama utapaka dawa ya kung'arisha, upande laini ukiwa juu kama utautumia mtupu. Hicho kibao kimoja kitakutumikia miaka.

Jinzi? Tupu, inafanya kazi ya kupangusa na kunyoosha kidogo tu. Jirani yako hajakosea, ila asikitumie kisu juu ya paja akiwa ameivaa. Nimeona jeraha la namna hiyo, na paja lina mishipa mikubwa ya damu. Kata mguu wa suruali iliyochakaa, epuka mishono, uubane ukakaza juu ya ubao. Kitambaa hicho kinakuwa na faida kubwa kikipakwa kitu kinachokula chuma.

Na hapo tufike kwenye dawa za kupaka. Dawa ya meno ina unga laini wa kusugulia, lakini umetengenezwa usikwaruze jino, basi kwa chuma unakwenda kwa mwendo wa kobe, na maji yake yanalainisha ngozi na kuiharibu. Iache ifanye kazi yake asubuhi. Brasso, ile ya kung'arishia vifungo na vitasa vya shaba, inafaa zaidi: tone chache kwenye jinzi au ngozi, subiri ikauke iwe kama vumbi, halafu vuta. Utaona mstari mweusi kwenye kitambaa. Huo ni chuma cha kisu chako, ushahidi kwamba kuna kinacholiwa. Harufu yake ni kali, fanyia nje, na kisu kioshwe kwa sabuni na maji ya moto kabla hakijagusa sukuma ya mteja. Nta ya kijani, inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya mafundi kwa kung'arishia vyuma, ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Ipake kavu kama mtoto anavyopaka krayoni, safu nyembamba, juu ya ngozi au hata juu ya kadibodi nyembamba ya pakiti iliyogundishwa kwenye mbao. Kadibodi ya pakiti na nta, hakuna kitu rahisi kinachoishinda. Kadibodi nene ya katoni, ile yenye mawimbi ndani, usihangaike nayo; inabonyea.

Kiganja cha mkono, ambacho wazee wengine walitumia kwa wembe, sikipendekezi kwa mtu yeyote.

Kikombe ni habari tofauti kabisa, na nataka ukitenge kichwani mwako na hivyo vingine. Ukikipindua kikombe cha udongo utaona duara la chini lisilong'aa, linalokwaruza kidole. Pale hapakupakwa ile rangi ya kioo, na udongo uliochomwa ni mgumu kuliko chuma cha kisu. Hilo ni jiwe. Linakula chuma, kwa hiyo linaweza kunoa, na pia linaweza kuzaa unyuzi mpya. Ndiyo maana ninaposikia watu wakiweka kikombe, gazeti na jinzi kwenye kapu moja huwa sikubali: cha kwanza kinaanza kazi, viwili vya mwisho vinaimaliza. Kikombe ambacho duara lake ni laini kama kioo hakifai, tafuta kingine. Na ngazi ya saruji, ambayo nyumba nyingi za Nairobi zina alama zake za visu, ni jiwe pia, ila chembe zake ni mchanga wa kila ukubwa. Inatafuna makali yakawa kama meno ya msumeno. Panga la kufyekea nyasi litakushukuru, kisu cha jikoni hapana.

Basi tukitibu kisu chako. Kwanza unyuzi utoke. Geuza kikombe juu ya kitambaa chenye maji. Anza na upande uliolalia unyuzi, ule ulioshika kidole. Inua mgongo juu kidogo zaidi ya ulivyozoea, na hapa makali yatangulie mbele, kama unayetaka kukata kipande chembamba cha kikombe. Gusa tu, usibonyeze. Mara mbili upande huo, mara moja upande wa pili, kisha ujaribu kidole. Rudia mpaka pande zote mbili ziteleze sawasawa. Mara nyingi mivuto sita inatosha. Ukifika ishirini, mkono wako ni mzito na unazaa unyuzi mpya kila unapoua wa zamani. Halafu chukua kipande cha ubao laini, wa msonobari kama ule wa masanduku ya mzigo, na kisu kikiwa kimesimama wima ukiburute mara mbili tatu kwenye kichwa cha ubao, pale nyuzi za mti zinapoishia, kwa mkono mwepesi mno. Mabaki ya unyuzi yanang'ofolewa na mti. Baada ya hapo utashangaa: kisu kitaonekana kimepoa kidogo. Usiogope. Ule ukali wa wembe ulikuwa wa uongo, na sasa umebaki na makali yenye mwili.

Ndipo sasa gazeti, au kibao cha ngozi. Kumi, kumi, na kumi za kubadilishana. Jaribu kwa kukata karatasi ya gazeti hilo hilo ukiishika hewani kwa mkono mmoja. Kisu kizuri kinaanzia ukingoni na kuteremka bila kuchana. Pale kinapokwama, tazama sehemu hiyo kwenye taa. Kuna kibonge cha unyuzi bado, mara nyingi karibu na ncha, ambako watu husahau kuinua mkono kufuata mviringo wa kisu.

Ukishafika hapo, kazi ya kila siku ni dakika moja. Asubuhi kabla ya wateja, mivuto mitano kila upande. Usisubiri kisu kianze kukusumbua. Kikianza kuteleza hata baada ya gazeti, ndiyo siku ya kukirudisha kwenye kikombe au kwenye jiwe lenye pande mbili la dukani.

Kuhusu fundi wa baiskeli, sitaki umwache. Anafanya kazi halali, na kisu kilichokuwa butu kabisa kinahitaji gurudumu lake. Lakini gurudumu kavu linalorusha cheche linachemsha chuma. Sehemu nene haihisi, ila makali ni membamba na joto halina pa kukimbilia. Ukiona rangi ya buluu karibu na makali, chuma pale kilifika karibu nyuzi joto 300 na ugumu wake umepungua. Pale hapatashika makali mpaka sehemu hiyo yote iliwe na jiwe. Mwambie kwa upole: akanyage taratibu, asikandamize, achovye kisu kwenye kopo la maji kila baada ya mpito, na mpito wa mwisho uwe mwepesi kwa pande zote mbili. Fundi mzuri hatachukia. Halafu kimalize wewe nyumbani kama nilivyoeleza, kwa sababu unyuzi wa gurudumu ni mkubwa kuliko wa jiwe lolote la mkono, na huo ndio unaokufa siku ya tatu.

Wenye bucha wengi hugonganisha visu viwili hewani, nawe pengine umewaona. Wanaojua hupitisha makali ya kisu kimoja kwenye mgongo wa kingine, kwa wepesi, na hiyo ni kunyoosha, kazi ya jamii moja na gazeti. Ukigonganisha makali kwa makali umeharibu visu viwili kwa mkupuo.

Jambo moja ambalo hukuuliza, na lina uzito kwa biashara yako kuliko gazeti lenyewe. Sukuma inayotoka shambani baada ya mvua huja na mchanga kwenye mashina na chini ya majani. Chembe ya mchanga ni ngumu kuliko chuma cha kisu chako. Kila unapokata fungu lisilooshwa unakikata kisu chako pia. Osha kwanza, kung'uta maji, ndipo ukate. Mteja naye atapata mboga safi. Na kisu usikitupe kwenye kopo pamoja na vijiko na chenji. Kunja kipande cha kadibodi kiwe kama ala, ukifunge kwa gundi ya karatasi, kilale humo.

Nimalizie na kisu cha nyanya, kwa kuwa jibu lake linaenda kinyume na yote niliyosema. Ganda la nyanya ni jembamba, laini na limekaza; linahitaji kushikwa kabla ya kukatwa. Mikwaruzo midogo ya jiwe kwenye makali hufanya kazi kama vijino visivyoonekana, na vijino hivyo ndivyo vinavyouma ganda. Gazeti na nta vinavisawazisha. Kisu kilichong'arishwa sana kitakata nyama mbichi na karatasi kwa raha, kisha kiteleze juu ya nyanya kama kwenye kioo, hasa makali yakianza kuchoka. Cha sukuma ni kingine: majani yaliyofungwa pamoja yanataka makali laini yapite bila kuyachana, na hapo gazeti ni mali. Kwa hiyo cha nyanya kinoe kwa kikombe, toa unyuzi kwa mivuto myepesi na kichwa cha ubao, kipitishe kwenye gazeti mara mbili tu kila upande kukisafisha, na uishie hapo. Kama ganda bado linakushinda, shida iko kwenye unyuzi ambao haujatoka wote. Rudi kwenye kidole na pamba, uutafute karibu na ncha.